Jitambue! (Sawa ticha, lakini ndo kufanyaje?)

Kuna neno moja la Kiswahili tumeligeuza fimbo. Kujitambua. Ukimsikia mtu mzima analitamka mbele ya kijana jua kuna mtu anagombezwa. "Huyu hajitambui." "Jitambue wewe, umri unaenda." "Wenzako wote wameshajitambua, we bado unacheza." Mimi ni mwalimu, miaka kumi na kitu sasa, na hilo neno nimelitumia sana, tena kwa sauti ya juu, mpaka siku moja kijana mmoja wa miaka kama 15 hivi, ambaye nilikuwa nimemsimamisha mbele ya wenzake kwa sababu alikuwa amelala darasani mara ya tatu wiki ileile, akaniangalia bila jeuri yoyote, yaani kwa upole kabisa, akaniuliza: "Ticha, samahani, kujitambua ndo kufanyaje?"

Darasa zima likacheka. Nikamwambia kaa chini.

Sikuwa na jibu, ndo ukweli wenyewe. Usiku ule nikaligeuza geuza hilo neno na nilichokiona hakikunifurahisha: mara zote nilipomwambia mtoto ajitambue, nilichokuwa nataka ni anitambue mimi. Atambue kuwa mimi ndo ticha, kuwa mtihani unakaribia, kuwa wazazi wake wamehangaika, kuwa nimechoka. Yeye mwenyewe hakuwemo humo hata kidogo. Hata swali la kwa nini mtoto wa miaka 15 analala darasani mara tatu kwa wiki sikuliuliza, na hilo ndilo lingekuwa swali la kwanza kabisa kwa mtu anayejali. (Jibu nilikuja kulijua baadaye sana. Sitaliandika hapa, ni lake.)

Halafu kuna hili jambo la "mtu mzima", sijui kama umewahi kulifikiria. Kiswahili kinamwita aliyekomaa mtu mzima. Mzima, kama chungu ambacho hakijapasuka. Mzima pia kama asiyeumwa, ndo maana tukikutana tunaulizana "u mzima?" Yaani lugha ilishasema zamani kwamba kukua ni kufika mahali hujakatwa vipande. Sasa tazama tunachowafanyia hawa watoto njiani: kichwa kinaingia darasani, mwili unatolewa uwanjani mara moja kwa wiki kama ratiba inaruhusu, mikono inapewa kazi pale tu mtoto anapoadhibiwa, na moyo unaachwa getini asubuhi kama baiskeli, ukitoka jioni utaukuta. Miaka kumi na zaidi ya hivyo. Akimaliza tunamuuliza haya, unataka nini maishani, anatukodolea macho, na sisi tunasema ona sasa, hajitambui.

Wataalamu wana jina la elimu inayojaribu kumchukua mtoto wote kwa pamoja, wanaiita elimu holistiki, na kwetu bado tunahangaika na tafsiri. "Elimu jumuishi" imeshachukuliwa, ukiitaja watu wanafikiria watoto wenye ulemavu kusoma pamoja na wenzao, ambalo ni jambo jingine na la muhimu. "Elimu ya mtu mzima" ndo ingekuwa jina tamu kuliko yote ila ukilisema watu wataona wazee wanajifunza kusoma jioni. Basi tuendelee bila jina.

Na wala si fasheni ya juzi. Johann Heinrich Pestalozzi, Mswisi aliyezaliwa 1746, alikuwa anasema elimu ni ya kichwa, moyo na mkono, na alikuwa anasema hayo akiwa na watoto yatima wa vita mbele yake, si kwenye ukumbi wa mikutano. Maria Montessori, daktari Mwitaliano, alifungua nyumba yake ya watoto, yaani shule ya wadogo, Roma mwaka 1907 na kitu kilichomshangaza ni jinsi watoto wadogo walivyoweza kukaa na kazi moja kwa muda mrefu wakiachiwa waichague wenyewe. Nyerere mwaka 1967, kwenye Elimu ya Kujitegemea, alilalamikia shule inayomfanya mtoto aamini kwamba maarifa yote ya maana yako vitabuni au kwa watu waliosoma. Na mwaka 1996 tume ya UNESCO iliyoongozwa na Jacques Delors ikaja na nguzo nne za kujifunza: kujua, kutenda, kuishi pamoja, na kuwa. Hiyo ya nne naipenda kwa jinsi ilivyo fupi. Kuwa. Shida ni kwamba nguzo ya kwanza ina mtihani, ya pili ina mtihani kidogo, ya tatu inasimamiwa na mwalimu wa zamu, na ya nne inabaki kwenye bango karibu na ofisi ya mkuu wa shule pamoja na dira na dhamira.

Basi, baada ya lile swali la yule kijana, nikafanya kosa ambalo walimu wengi wenye nia njema hulifanya: nikaligeuza kuwa somo. Nikaomba kipindi cha mwisho cha wiki, nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa MIMI NI NANI? nikawapa dakika 30 waandike. Nilirudi na karatasi 34 na kusema kweli nilikuwa na kimuhemuhe kama mtu anayesubiri barua.

Karatasi 34, na zilikuwa karatasi moja. "Mimi ni kijana mwenye bidii na nidhamu. Malengo yangu ni kuwa daktari ili niisaidie jamii yangu." Madaktari niliwahesabu, walitosha kufungua hospitali, waliobaki walikuwa marubani na wanasheria, na mmoja mhandisi ambaye neno mhandisi alikuwa amelikosea. Kijana mmoja tu hakuandika hayo, aliandika jina lake, namba yake ya darasani, na tarehe. Siku hiyo nilimuona mvivu. Leo namuona kama ndiye peke yake aliyejibu kwa kile alichokuwa na uhakika nacho.

Baadaye ndo nikakutana na kazi ya James Marcia, mwanasaikolojia aliyeandika mwaka 1966 akiendeleza mawazo ya Erik Erikson kuhusu ujana kama umri wa kutafuta utambulisho. Marcia aliuliza maswali mawili tu kwa kila kijana: je, umewahi kutafuta, kujaribu, kusitasita? Na je, umeshashika msimamo? Wapo ambao hawajafanya lolote kati ya hayo. Wapo wanaotafuta na bado hawajashika. Wapo waliotafuta wakashika. Na wapo wa nne, ambao kwangu ndo walikuwa darasa langu zima: wameshika bila kutafuta. Mlango umefungwa kabla hawajachungulia. Wanajua watakuwa nini kwa sababu mtu alishawaambia, na wanaonekana wametulia sana, wana majibu, wana malengo, ndo watoto tunaowasifia kwenye vikao vya wazazi. "Huyu anajitambua." Wakati yule anayesitasita, anayebadilisha mawazo kila mwezi, anayemuudhi kila mtu kwa maswali, kwa kipimo cha Marcia ndiye yuko njiani. Niliposoma hapo niliweka karatasi chini nikaenda kutembea kidogo.

Lakini pia mazingira yenyewe niliyaharibu mimi, maana nilikuwa nimewaambia nitasoma tatu nzuri kwa sauti. Yaani nilimwambia kijana wa miaka 15 ajifunue halafu nikamwekea hadhira! Mwanasaikolojia David Elkind aliandika mwaka 1967 kwamba vijana wa umri huo huishi kana kwamba kuna jukwaa na watu wote wanawatazama, na si vijana tu, maana mwaka 2000 Thomas Gilovich na wenzake walichapisha jaribio ambalo nalipenda kweli: wanafunzi wa chuo walivalishwa fulana yenye picha ya mwimbaji waliyekuwa wanaona aibu kuonekana naye, wakaingizwa kwenye chumba chenye wenzao, kisha wakaulizwa ni wangapi waliiona ile fulana. Walikisia karibu nusu. Walioiona kweli walikuwa karibu robo. Sasa kama mtu wa chuo anajiona kwenye mwanga mara mbili ya uhalisia, yule wa kwangu, mwenye chunusi mpya na sauti inayokatika, alikuwa anaandika mbele ya uwanja mzima. Wewe ungeandika nini? Ungeandika daktari.

Nikafuta kile kipindi. Kwa muda nikaacha kabisa, nikarudi kufundisha somo langu na kunyamaza.

Kilichonirudisha ni ugomvi. Wasichana wawili, marafiki wa tangu wadogo, mmoja amempasua mwenzake mdomo. Nimekaa na aliyepiga, namuuliza ulijisikiaje, ananijibu hasira. Sawa, hasira ya nini? Hasira tu. Na siku hiyo, si kwa hekima, ni kwa kuchoka tu, sikusema kitu. Tulikaa. Ile kimya ikawa ndefu mpaka inauma. Halafu akasema, "Yeye kachaguliwa kwenye igizo. Sa hizi anakaa na wale wengine." Kimya tena. "Ni kama wameniacha njiani." Hapo akaanza kulia, na nikaona kabisa kwa macho yangu kwamba hasira haikuwepo, au ilikuwepo juu juu kama koti, na aliyevaa koti alikuwa ni upweke.

Tangu siku hiyo ndo nikaanza kusikiliza jinsi wanafunzi wangu wanavyojibu swali la hali zao, na nikagundua wana maneno manne. Fresh. Poa. Nimeboeka. Nina hasira. Manne hayo yanabeba kila kitu kuanzia mapenzi hadi msiba. Na hii inaudhi kwa sababu Kiswahili si lugha maskini kwenye hili, jamani, ni tajiri hatari. Tukaanza kuyakusanya ukutani, karatasi moja kwa kila neno, bila maksi, bila tarehe ya mwisho, anayekumbuka anabandika. Huzuni, simanzi, majonzi. Kinyongo. Donge. Kisirani. Ukiwa. Unyonge. Hamaki. Kinyaa. Hamu. Wengine wakaenda kuwauliza bibi zao wakarudi na maneno ambayo hata mimi ilibidi nifungue kamusi.

Kazi kweli ilikuja kwenye kutofautisha. Siku moja tulibishana kipindi kizima kuhusu haya, aibu na fedheha, na kijana mmoja ambaye huwa haongei akasema: haya inakuja kabla hujafanya, aibu inakuja ukishafanya, fedheha unaletewa na watu. Darasa likatulia. Wengine wakampinga, wakaleta mifano, na sijui kama kamusi itakubaliana naye mia kwa mia, lakini unaona kilichotokea? Watoto 34 walikuwa wanazungumzia ndani yao kwa dakika 40 bila mtu yeyote kujifunua, kwa sababu tulikuwa tunazungumzia maneno. Wiki iliyofuata ikawa zamu ya wivu, kijicho na husuda. Wivu, wakakubaliana, ni ninacho na naogopa kupokonywa. Kijicho ni unacho wewe na kinaniuma mimi. Husuda ni bora tukose wote. Yule msichana wa ugomvi alikuwa amekaa nyuma, hakusema neno, ila niliona anaandika.

Na kuna sababu hii kitu inafanya kazi zaidi ya utamu wa lugha. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake walichapisha utafiti ambapo watu waliwekwa kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo huku wakioneshwa nyuso zenye hofu au hasira. Walipoitaja kwa neno ile hisia waliyoiona, ile sehemu ya ubongo inayopiga kengele ya hatari, amigdala, ilipunguza kelele, kuliko walipopewa kazi nyingine na nyuso zilezile, kama kuchagua jina linaloendana na jinsia ya mtu. Na sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kujizuia na kupima, ndo iliyokuwa inafanya kazi zaidi. Sehemu hiyo ya mbele kwa vijana bado inajengwa, inaendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Kwa hiyo tunapomfokea kijana ajizuie tunamwambia atumie breki ambayo fundi bado anaifunga. Neno sahihi halimalizi tatizo, ila linampa pa kushika.

Nimetaja fundi na niseme kidogo hapo. Fundi na fundisha ni mzizi mmoja. Tumesahau kabisa, siku hizi fundi ni yule aliyeshindwa shule na mwalimu ni yule anayemtishia mtoto kwamba asiposoma atakuwa fundi. Lile igizo lililoleta ugomvi lilihitaji jukwaa, na kijana mmoja ambaye hesabu zilikuwa zimemshinda kabisa, yaani karatasi zake nilikuwa nazisahihisha kwa huzuni, akajitolea kukata mbao. Akakata ya kwanza fupi. Ya pili fupi. Ya tatu akaishika, akasimama, akaanza kucheka mwenyewe. Nikamuuliza vipi. "Ticha, mi huwa naharakisha ili nimalize kabla sijakosea."

Naomba usome tena hiyo sentensi. Hicho ndicho alichokuwa anafanya kwenye hesabu miaka yote, na sisi walimu watatu tofauti tulikuwa tumeandika kwenye ripoti zake "aongeze bidii". Bidii alikuwa nayo, ndo ilikuwa inamkimbiza. Hakuna karatasi ya MIMI NI NANI ambayo ingemwonesha hilo. Ubao ulimwonesha, maana ubao haukumgombeza wala haukumhurumia, ulikuwa mfupi tu. Hesabu zake hazikuwa nzuri ghafla, hapana, hizo ni hadithi za kwenye semina. Ila alianza kupima mara mbili, na alianza kusema "ngoja" kwa sauti anapofanya swali, na wenzake wakawa wanamtania kwa hilo neno.

Sasa sikia tulivyoharibu. Shule ikaona zile kazi za mikono zinapendeza, ikaamua kuweka shindano na vyeti. Kwa nia njema kabisa. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichukua watoto wadogo wa chekechea waliokuwa wanapenda kuchora, kundi moja wakaahidiwa cheti wakichora, jingine wakapewa cheti bila kuahidiwa, jingine hawakupewa kitu. Wiki moja mbili baadaye, walipoachiwa wachague wenyewe cha kufanya, wale walioahidiwa cheti walitumia karibu nusu tu ya muda waliotumia wenzao kwenye kuchora. Kilichokuwa mchezo kikawa kibarua, na kibarua bila malipo nani anafanya? Kwetu ilichukua muhula mmoja. Walioshinda wakaendelea kidogo, walioshindwa wakaacha, na yule wa mbao akaniambia hana muda. Nilimuelewa. Kitu pekee pale shuleni ambacho hakikuwa kinampima tulikuwa tumekipa kipimo.

Kabla hujadhani nauza dawa, ngoja niseme upande wa pili, kwa sababu haya mambo ya kuwafundisha vijana kujitazama ndani yana wauzaji wengi sana siku hizi, kuna semina, kuna vitabu vya mazoezi, kuna kengele za kutafakari. Uingereza walifanya jaribio kubwa, matokeo yakatoka 2022, shule 85, watoto zaidi ya 8,000 wa miaka 11 hadi 13 au hapo karibu. Nusu ya shule zikafundisha mazoezi ya utulivu wa akili, walimu wakiwa wameandaliwa vizuri tu, nusu nyingine zikaendelea na masomo yao ya kawaida ya mahusiano na hisia. Tofauti kwenye afya ya akili ya watoto? Hakuna ya maana. Na kwa baadhi ya waliokuwa tayari kwenye hali mbaya kulikuwa na dalili kwamba haikuwasaidia, pengine kinyume chake. Wengi wao nyumbani hawakuyafanya yale mazoezi, na mi siwalaumu, hata mimi ukinipa hisia kama homuwaki sifanyi.

Na nimeshaona kujitazama kunavyoweza kugeuka shimo. Binti mmoja alikuwa anaandika sana, kurasa na kurasa, na kila ukurasa ulikuwa unauliza kwa nini. Kwa nini niko hivi, kwa nini watu hawanipendi, kwa nini siwezi kama fulani. Kila kwa nini ikazaa nyingine. Mwanasaikolojia Susan Nolen-Hoeksema alitumia miaka mingi kuonesha kwamba kurudia rudia kuitafuna huzuni namna hiyo huirefusha na huwa njia ya kuelekea sonona, na vijana wa kike wako kwenye hatari hiyo zaidi. Nilichojaribu na yule binti, pamoja na mshauri nasaha ambaye ndiye aliyekuwa na ujuzi wa kweli, ni kubadilisha swali. Tuliacha kwa nini, tukaja kwenye nini. Nini kimetokea leo. Mwili ulikuwa unafanya nini. Ulitamani nini wakati ule. Kesho saa nne utafanya nini. Ni maswali madogo, hayana heshima ya kifalsafa, ila yana sakafu.

Hapo kwenye mshauri nasaha nisisitize tu haraka. Mimi si mtaalamu wa afya ya akili, na mwalimu anayejifanya ni mtaalamu ni hatari kuliko anayefoka. Kanuni zangu nawaambia watoto siku ya kwanza: madaftari yenu ya binafsi sisomi hadi mnipe wenyewe, hakuna maksi, na mtu akiniambia anaumizwa au anataka kujiumiza sitaahidi siri, nitampeleka kwa anayeweza kusaidia na nitatembea naye. Wengine waliposikia hivyo walinyamaza miezi. Ni haki yao.

Sehemu ngumu kuliko zote naiacha mwisho kwa sababu inanihusu. Mimi nilikulia kwenye sifa. "Huyu ana akili." Nilikuwa nasikia hivyo nikiwa bado siwezi kufunga viatu. Na hakuna aliyeniambia kwamba sifa hiyo ni mkopo. Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha mwaka 1998 majaribio na watoto wa miaka kama 10 hadi 12: baada ya maswali mepesi, wengine wakasifiwa kwamba wana akili, wengine kwamba wamejitahidi. Wale wa akili wakaanza kuchagua kazi rahisi, walipokutana na maswali magumu wakaporomoka zaidi, na walipoambiwa wawaandikie watoto wengine jinsi walivyofanya, karibu 4 kati ya 10 wakajiongezea maksi. Wakadanganya, kwa mtu ambaye hawatakutana naye! Niliposoma hilo sikushangaa hata kidogo. Kuna somo moja niliacha nikiwa na miaka 16 si kwa sababu sikulipenda, ni kwa sababu lilikuwa la kwanza kunifanya nionekane sijui, na nikatafuta sababu nyingine ya kuwaambia watu, na sababu ile niliisema mara nyingi mpaka nikaiamini. Ilinichukua zaidi ya miaka 20 kujua kwamba niliogopa. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuwa anasimama mbele ya darasa anawaambia watoto wajitambue.

Juzi nilifoka tena. Sitaki udhani nimekuwa malaika, ilikuwa mchana, kelele, projekta imegoma mbele ya mkaguzi aliyekuja kuangalia somo, na mkaguzi alipotoka nikawageukia watoto nikawasema maneno ambayo hawakuyastahili. Tulikaa kimya. Halafu kutoka nyuma, yule msichana wa ugomvi, sasa kakua, karibu kumaliza, akanyoosha mkono vizuri kabisa.

"Ticha, ulikuwa unajisikiaje?"

Nikasema poa tu.

Wakacheka, na wakawa na haki ya kucheka, wengine wakageuza vichwa kuangalia ule ukuta wenye karatasi. Nikageuka na mimi. Nilianza na hasira kwa sababu ndo iliyokuwa karibu. Nikaiacha. Nikapita kwenye hamaki, nikapita kwenye unyonge, nikarudi nyuma, nikasimama kwenye ile karatasi ya haya, aibu na fedheha ambayo kona moja imeshachanika, na kutoka upande wa dirisha nikamsikia mtu anasema kwa sauti ndogo, "Ngoja. Mwacheni apime."

Nikawaambia ni aibu. Mkaguzi aliniona sijui kitu. Hasira ilikuwa ni koti.

"Sawa," akasema yule msichana, akaandika kitu kwenye daftari lake, na sikumuuliza ni nini.